Mkanda wa Mpingo

Mama Atieno alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa na brashi ya vanishi mkononi, akaniambia Wafula ametuacha. Alisema hivyo tu, na vanishi ikawa inadondoka kwenye kiatu changu. Nilidhani nitalia. Badala yake nilihisi kitu kibaya zaidi, nami nakiandika hapa kwa sababu nimeamua kutojipendelea: nilihisi nafuu. Mtu pekee duniani aliyejua maneno niliyotamka Jumamosi moja kwenye karakana alikuwa ameondoka nayo. Nilikaa juu ya gogo nililokuwa nikilipaka, suruali ikaharibika, nikajishangaa. Miaka kumi na sita nimejiona mtu mwema kiasi, mtu wa kuaminika, na kumbe ndani nilikuwa nikisubiri rafiki yangu afe.

"Mwende, uko?" akauliza.

"Niko, mathe."

"Tunakutana kwangu Jumapili, wote wa ploti ile. Binti yake Wafula anakuja kutoka Bungoma. Usikose, nyathina."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na ameniita hivyo tangu enzi tulipoishi mtaa wa Kware, Nairobi. Nilimwambia sitakosa. Halafu nikazima simu, nikafunga karakana saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaenda nyumbani nikalala na viatu.

Mwaka wa Jumamosi ile nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga chumba ghorofa ya tatu katika ploti moja ya Kware, jengo la ghorofa sita lililobanana na wenzake hivi kwamba jirani wa jengo la pili aliniazima chumvi kwa kunyoosha tu mkono dirishani. Jua lilinifikia dakika chache kabla ya adhuhuri, likachungulia, likaenda zake. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili za maji na rafu niliyoichonga mwenyewe, ambayo nilijivunia kuliko mtu anavyopaswa kujivunia rafu. Lakini maisha yangu hasa hayakuwa chumbani. Yalikuwa ghorofa ya kwanza, kwa Mama Atieno, mjane aliyepika chapati za kuuza asubuhi, na jioni akatupikia sisi wawili tuliokuwa tumejifanya watoto wake: mimi na Wafula. Nyumba yake ndiyo pekee kwenye ploti iliyokuwa na mlango wa chuma, wa rangi ya buluu, kwa kuwa zamani ilikuwa stoo ya mwenye ploti. Sisi wengine tulikuwa na milango ya mbao nyepesi ambayo ungeweza kusikia mtu akikohoa nyuma yake. Harufu ya omena na dania ilipanda ngazi hadi juu, na mtu alijua ni saa moja bila kutazama saa.

Wafula alikuwa fundi wa mawe, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mikono iliyopasuka kwa simiti. Mke wake na mtoto mdogo wa kike walikuwa nyumbani. Alikuwa na tabia ya kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla hajaketi, popote alipoingia. Mama Atieno alimtania kwamba anabisha hodi akiwa tayari ndani. Yeye alicheka, akasema ukuta una sauti yake, na ukishaisikia ndipo unajua kama ule ugali wako kwa raha au kwa wasiwasi. Sikumjua mwanamume mwingine aliyeweza kuongea juu ya kokoto kwa nusu saa na usichoke. Ninamkumbuka akikata ugali kwa uzi, vipande sawa kabisa, kila mtu chake.

Kazi yangu ilikuwa Industrial Area, katika karakana ya Mzee Kyalo, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mzee Kyalo alikuwa amechonga wanyama wa kuuzia watalii karibu maisha yake yote, na alikuwa na desturi ya wachongaji wa kwetu Ukambani ambayo mgeni haiwazii: mnyama mmoja hupita mikono ya watu wengi. Mmoja anachanja gogo, mwingine anachonga miguu, mwingine kichwa, mwingine anapiga msasa. Hakuna anayehitaji kumjua mnyama mzima. Mimi nilichonga masikio ya twiga miaka minne kabla sijaruhusiwa kugusa shingo. Biashara ya wanyama ilipolala, wasanifu wa majengo wakaanza kumletea kazi ya kutengeneza vielelezo, yaani majengo madogo ya mbao ya kuwaonyesha wateja jengo litakavyokuwa likijengwa. Mzee Kyalo akachukua desturi ileile ya twiga akaihamishia kwenye majengo. Mmoja alichonga msingi, mwingine katikati, mwingine juu. Ukimuuliza jambo, alikuambia, "Chonga mchoro. Mengine ni ya mwenye kazi."

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule ilikuja kazi kubwa kuliko zote. Jengo la ghorofa arobaini, lililokuwa lijengwe upande wa pili wa mji. Aliyeileta ni msanifu kijana, dada mmoja aitwaye Makena, aliyekuja na buti zenye matope na michoro iliyojaza meza tatu. Kielelezo kilipangwa kifikie urefu wa mtu, na kwa bahati mtu mwenyewe alikuwa mimi: kilipokamilika, kilele chake kilinifika kwenye paji la uso. Chini kabisa kulikuwa na ghorofa tano za maduka, pana, zimekaa juu ya nguzo nene zilizoachana mbali. Juu yake ofisi, kioo kitupu. Juu ya ofisi nyumba za watu kuishi, vyumba vidogo vidogo na roshani, zenye nguzo nyembamba nyingi. Na kule juu hoteli yenye bustani. Nilipoelewa kwamba mtu angeweza kulala humo, afanye kazi humo, anunue mboga, anyolewe, aoe, azeeke, asiguse udongo kwa miezi, niliduwaa. Nilimweleza Mama Atieno jioni ile huku mate yakinitoka.

"Kwani hiyo ni tofauti gani na hapa?" akasema, akigeuza chapati. "Hapa chini kuna duka, kuna saluni, kuna kinyozi. Mimi niko hapa na biashara yangu. Juu kwa paa kuna kanisa. Wao wamewekea yao lifti tu."

Wafula alicheka hadi akapaliwa. Hiyo ikawa habari yetu ya kila jioni: leo wamefika ghorofa ya ngapi? Nilikuwa nimepewa sehemu ya nyumba za kuishi, na sehemu moja zaidi. Kati ya ofisi na nyumba, mchoro ulionyesha mkanda uliozunguka jengo zima, unene wa ghorofa mbili, umejazwa weusi mtupu. Haukuwa na dirisha, haukuwa na mlango, haukuwa na jina nililolielewa. Mzee Kyalo alitazama weusi ule, akaenda nyuma ya karakana akaleta kipande cha mpingo kilichobaki enzi za kuchonga vifaru. "Weusi kwa weusi," akasema. Mpingo ni mti wa chuki, unakula patasi, na nilihangaika nao wiki mbili. Lakini ulipokubali niliupiga msasa na nta hadi nikaona meno yangu ndani yake. Tulipopandisha sehemu zote moja juu ya nyingine, niligundua jambo. Nguzo za nyumba zangu hazikuketi juu ya nguzo za chini. Zilianguka katikati, pale ambapo chini hakukuwa na kitu.

"Mzee, za juu hazikalii za chini," nikamwambia.

"Mchoro unasemaje?"

"Unasema hivyo hivyo."

"Basi."

Nami nikatosheka na ile basi. Zaidi ya kutosheka, nikajisikia nimeonyeshwa siri ya watu wakubwa. Niliibeba siri ile hadi Kware kama mtoto aliyeokota saa.

Jioni hiyo hiyo, au kesho yake, Wafula alikuja mezani. Aligonga ukuta, akaketi, hakugusa chakula. Mama Atieno alimuuliza kuna nini. Akasema mwenye ploti anataka vyumba vyote vya chini vibomolewe pawe supamaketi kubwa, na kazi amempa yeye.

"Si hiyo ni baraka?" akasema Mama Atieno.

"Kuna nguzo mbili hapo katikati. Anataka ziende. Anasema zitafunika rafu, wateja hawataona vitu. Nimemwambia nguzo si fanicha ati uhamishe."

"Na akasema?"

"Akasema atatafuta fundi ambaye haogopi."

Hapo ndipo nilipoingia, na nilivyoingia ninakumbuka kwa aibu hadi rangi ya sufuria iliyokuwa mbele yangu. Nilisema, "Lakini inawezekana." Nikasema kwamba kwenye jengo letu, la ghorofa arobaini si sita, nguzo za juu hazikai juu ya za chini, na limechorwa na watu waliosoma. Wafula alinitazama, akasema hapana, nimeona vibaya. Niliposikia naambiwa nimeona vibaya, mimi niliyezichonga nguzo zenyewe kwa mikono yangu, nikapandwa na kiburi. "Kuja Jumamosi ujionee," nikamwambia.

Alikuja. Mzee Kyalo ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi karakana ilikuwa yangu peke yangu. Wafula alivaa shati safi kama mtu anayeenda kumwona mgonjwa. Alikizunguka kielelezo mara mbili bila kukigusa, kisha akapiga magoti, akafumba jicho moja, akafuata nguzo kwa kidole kutoka juu kushuka. Nilimwona akifika kwenye mkanda wa mpingo na kidole kikasimama.

"Manze," akasema polepole. "Kumbe ni kweli. Na hii nyeusi? Hii ni ya nini?"

Sikujua. Jibu la kweli lilikuwa neno moja na lilikuwepo mdomoni mwangu. Lakini nilikuwa mwenyeji siku ile, nilikuwa mtaalamu, na mwanamume niliyemheshimu kuliko wote alikuwa amepiga magoti mbele ya kazi yangu akinisubiri nimfundishe.

"Hiyo?" nikasema. "Hiyo ni urembo tu."

Aliupapasa. "Imeng'ara kweli," akasema, na mimi nikatabasamu kwa sababu nilidhani nimesifiwa.

Nguzo mbili ziliondolewa mwezi wa tatu. Sikuwepo zilipokatwa, nilikuwa kazini, lakini jioni nilikuta kifusi chake mbele ya geti na vyuma vimejikunja. Wafula aliniambia alikuwa ameweka vyuma viwili vinene darini kwa usalama, na kwamba jengo halikutikisika hata kidogo. Alisema hivyo kama mtu anayenishukuru. Supamaketi ilifunguliwa, na ukweli ni kwamba tuliipenda. Watu walishuka na malapa kununua maziwa. Kioko, kijana wa nyumbani Machakos aliyeajiriwa kulinda mlango, alikuwa akinisalimia kwa Kikamba na kunishikia mfuko nikitafuta ufunguo. Mama Atieno alilalamika kwamba mkate wao unamharibia soko la chapati, halafu akanunua mkate wao.

Kisha mvua ya masika ikaanza, na milango ikaanza kukwama. Wa kwanza ulikuwa wa jirani yangu wa kushoto. Alinigongea, akasema, "Si wewe ni fundi wa mbao? Mlango wangu umegoma." Nikachukua randa, nikaupunguza pembe ya juu, ukafunga vizuri. Wiki ile ukaja wa pili, ghorofa ya pili. Halafu mitatu kwa siku moja. Nilikuwa na maelezo tayari, na nilitoa maelezo hayo kwa sauti ya kitaalamu huku maranda yakianguka kwenye kandambili zangu: mbao imekunywa maji, ikipata jua itarudi. Wakaniita daktari wa milango. Watoto waliniona nikipanda ngazi na randa wakaimba. Nilipewa chai kila nyumba, nikaona vitanda vya watu, kalenda zao, masufuria yao. Nakiri kwamba ulikuwa mwezi wa furaha. Nilipiga randa milango kumi na mmoja. Na niliona, maana macho ninayo, kwamba yote ilikwama pembe ileile, ya juu, upande wa ngazi. Niliona, nikajiambia labda mvua inapigia upande huo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, katikati ya wiki, mwezi wa tano. Makena alikuja saa tatu asubuhi kuchukua kielelezo, na watu wanne wa kukibeba. Alikizunguka, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kisha akaweka kiganja juu ya mpingo.

"Nani alichonga hii?"

"Ni mimi."

"Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Watu wengi wanaiacha, wanasema haina sura. Na ndiyo inabeba kila kitu." Akaniona sielewi, akaendelea kwa upole tu, kama mtu anayemweleza mwenzake njia ya posta. "Nyumba zinataka nguzo nyingi za karibu karibu. Maduka yanataka nafasi. Hazikutani. Kwa hivyo hapa katikati unajenga sakafu moja nene sana, zege na chuma, mita saba, hakuna mtu anaishi humo. Uzito wote wa juu unafika hapa, unageuzwa, unapelekwa kwa zile nguzo nene za chini."

"Na usipoiweka?"

Alicheka. Alidhani namtania. "Usipoiweka, zile nyumba zote zinakalia hewa."

Nilishika kona ya meza. Sijui nilisimama vile kwa muda gani, ila wale watu wanne walikuwa wameshainua kielelezo na mkanda wangu mweusi ulikuwa ukipita mbele ya uso wangu kuelekea mlangoni, ndipo simu ikalia mfukoni.

"Mwende, nyathina," akasema Mama Atieno, na alikuwa akicheka. "Leo ni zamu yangu. Mlango umekwama na niko ndani. Kuja na ile randa yako unitoe."

"Mathe," nikasema. "Mlango wako ni wa chuma."

"Si ndio nakwambia! Umekataa kabisa."

Chuma hakinywi maji. Nilisikia sentensi hiyo kichwani mwangu kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kitaalamu. Milango yangu kumi na mmoja ikasimama mbele yangu, pembe ya juu, upande wa ngazi. Sikuwa nikitibu mbao. Jengo lilikuwa likikaa chini taratibu, nami nilikuwa nikililainishia njia kwa randa, nikinywa chai.

Sikumbuki nilimwambia nini Makena. Nakumbuka boda boda, na nakumbuka nikimpigia Wafula, aliyekuwa kwenye mjengo huko mtaa wa Pipeline, na maneno niliyomwambia: kuja na mtaimbo, kuja ploti sasa hivi. Tulifika getini karibu pamoja. Alikuwa na vumbi la simiti hadi kwenye kope.

"Ile mbao nyeusi," nikamwambia. "Si urembo."

"Ni nini?"

"Ndiyo ilikuwa inabeba."

Nimejaribu mara nyingi kuielezea sura yake ilivyokuwa, nimeshindwa. Haikuwa hasira. Alitazama juu, ghorofa zote sita, nguo zimeanikwa, redio inaimba mahali, na midomo yake ikawa inasogea bila sauti. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Panda juu utoe watu. Mimi niko kwa Mama Atieno."

Nilianzia milango yangu. Walinifungulia kwa tabasamu. "Daktari, leo umekuja bila kuitwa," mama mmoja akaniambia, na mwiko mkononi. Nilimwambia ploti inaanguka, akacheka, akaniambia basi ingoje maharagwe yaive. Nilipiga kelele. Nilimvuta mtu mzima kwa nguo. Hakuna aliyeniamini, kwa nini waniamini, si mimi niliyewaambia ni mvua? Mwishowe kilichowatoa si maneno yangu bali Wafula, ambaye kule chini alikuwa akiupiga mlango wa chuma kwa mtaimbo, na kila pigo lilipanda ukutani hadi kwenye miguu yetu. Walidhani ndilo jengo linavunjika. Walikimbia, mwenye maharagwe akiwa bado na mwiko. Wengi walikuwa viwandani na watoto shuleni, Mungu asifiwe, na kufikia saa sita hapakuwa na mtu kwenye ngazi wala ndani ya supamaketi. Mama Atieno alitoka akiwa ameshikiliwa kiuno na Wafula, akiuliza nani atamlipia mlango wake.

Tulisimama ng'ambo ya barabara hadi saa tisa. Watu walianza kuchoka, wakaanza kutusema. Mwenye ploti alikuja, akatutisha, akamwamuru Kioko arudi akafunge supamaketi vizuri kwa sababu vitu vitaibwa. Wafula alimwita Kioko arudi. Nilimwita pia, kwa Kikamba. Kioko alitugeukia akainua mkono, kumaanisha dakika moja.

Sikutegemea litaanguka kimya vile. Kelele ilikuja baadaye, na vumbi, na watu. Kwanza kulikuwa na mkoromo mmoja, kama wa mtu anayeketi baada ya kutembea sana, na jengo likaketi. Vumbi lilipopungua niliona ghorofa zimelaliana, na ghorofa ya tatu, nilikokuwa nikilala, ilikuwa imenifika kifuani. Mlango mmoja ulikuwa umebaki wima ndani ya fremu yake, hakuna ukuta kushoto, hakuna ukuta kulia. Nilitambua kazi ya randa yangu pembeni. Mama Atieno alikuwa akiita jina la Kioko. Kioko hakutoka.

Mahakamani mwenye ploti alisema hakuwahi kuagiza nguzo zikatwe, alitaka jengo lipakwe rangi tu. Wafula aliulizwa, nami nikiwa kwenye benchi ya tatu nyuma yake, nikiona mshipa shingoni mwake: nani alimwambia kwamba nguzo zile zinaweza kuondolewa? Aligeuka. Alinitazama, si kwa muda mrefu. "Hakuna mtu," akasema. "Niliamua mimi mwenyewe." Nilikuwa na sauti siku ile, miguu yangu ilikuwa mizima, benchi haikuwa na kufuli. Nilikaa. Alifungwa miaka mitatu, na alipotoka akaenda moja kwa moja Bungoma, hakurudi Nairobi tena. Mama Atieno ndiye aliyemtembelea gerezani, kisha akawa anampigia simu sikukuu. Kila mara aliniletea salamu moja: "Anauliza kama bado unachonga." Nilisema mwambie ndiyo. Sikuwahi kumpigia hata mara moja, na namba nilikuwa nayo.

Lile jengo la ghorofa arobaini lilijengwa. Nikipita mjini huwa nahesabu kutoka chini, maduka, ofisi, hadi nifike kwenye mkanda. Wameuvika kioo cheusi kinachong'aa, na jioni watu husimama barabarani kuupiga picha. Wanaupenda. Wanadhani ni wa kupendeza macho.

Jumapili tulikuwa tisa kwa Mama Atieno, mtaa wa Umoja, nyumba ya chini kabisa, maana tangu siku ile hajakubali kupanda ngazi kwenda kulala. Alikuwa mzee ghafla, lakini chapati zilikuwa zilezile, na maharagwe ya madondo, na tulikula kwanza kabla ya maombi kwa sababu alisema Wafula hakupenda kuombewa na watu wenye njaa. Binti wa Wafula, Nekesa, ana miaka ishirini. Ana urefu wa baba yake. Alipoingia sebuleni aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla hajaketi, na mimi nikalazimika kuweka sahani chini.

Anasomea ujenzi, kumbe. Alituonyesha kwenye simu picha za nyumba ambayo baba yake alijenga baada ya kutoka gerezani: ya matofali, vyumba vitatu, paa la mabati. Simu ilizunguka mkono kwa mkono. Iliponifikia niliona sebule, na juu ya sebule, kutoka ukuta hadi ukuta, boriti moja nene kupita kiasi, imepakwa rangi nyeusi, inang'aa.

"Hiyo nayo inatushangaza mpaka leo, anti," akaniambia, maana niliichelewesha mkononi. "Mwalimu wetu alipoona picha alisema hiyo boriti ingebeba ghorofa kadhaa. Na juu yake kuna mabati tu. Tulikuwa tukimuuliza baba ni ya nini, anacheka. Anasema, hiyo ni urembo tu. Alisema kuna mtu Nairobi anayejua maana yake, lakini jina hakutuambia."

Nikasogeza picha kwa kidole, nikamwona Wafula akiwa amekaa chini ya boriti ile, mzee, amevaa shati safi. Miaka yote alikuwa amelishika neno langu, akaliweka juu ya kichwa chake, akakaa chini yake akisubiri nije. Na mimi nilisikia nafuu alipokufa.

"Ni mimi," nikasema.

Niliwaambia yote. Jumamosi, karakana, kidole chake kikisimama kwenye mpingo, nilichomjibu, na benchi ya tatu. Nilidhani ni hadithi ndefu, kumbe iliisha kabla chai haijapoa. Mama Atieno alisikitika kwa Kijaluo, "Yawa," mara moja, akajifunika uso kwa leso. Hakuna aliyenifukuza. Nekesa alichukua simu yake kutoka mkononi mwangu, taratibu, akaizima, akaniangalia kwa macho ya baba yake.

"Kwa nini hukumwambia tu hujui?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita ya kulitafuta jibu la swali hilo. Nilifungua mdomo.

"Sijui," nikamwambia.